Mwacha Asili ni Mtumwa: Lakini Asili ya Nani?

Kuna methali ambayo sisi walimu wa Kiswahili twaipenda mno na kuifundisha kila mwaka bila kuchoka: mwacha asili ni mtumwa. Ni methali njema. Iliwafaa wazee wetu walipoambiwa kwamba hawana historia. Ilitufaa na sisi tulipoitetea lugha hii katika nchi ambazo mkoloni aliitazama kwa jicho la shaka, akiihesabu kuwa lugha ya Waislamu na ya watu wa sokoni. Lakini methali ni kama panga: humtumikia yeyote aliyeshika mpini. Siku hizi mpini umeshikwa na watu wawili ambao tusingependa waitumie mali yetu. Wa kwanza ni mtawala anayewanyamazisha raia wake. Wa pili ni mgeni mwenye adabu nyingi, ambaye hugeuza uso wakati raia hao wananyamazishwa.

Mtawala husema: haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, sisi ni Waislamu, tuna utamaduni wetu, msituingilie. Mgeni huitikia: ni kweli kabisa, hao ni Waislamu, ndivyo walivyo, tusiwapime kwa kipimo chetu. Mmoja anadai kuwa anailinda dini, mwingine anadai kuwa anaiheshimu. Na wenzetu wengine, kwa nia njema, wamelifikisha jambo hili hata darasani. Wanashauri kwamba habari za haki za binadamu katika nchi za Kiislamu zisiwe mada ya midahalo wala ya insha, kwa kuwa ati zitawaudhi wanafunzi Waislamu, na kwa kuwa mambo ya watu huachiwa wenyewe. Makala haya yanaupinga ushauri huo. Twasema kwamba mtawala na mgeni wanakosea, tena kosa lao ni moja: wote wawili wamemfanya mwenye madaraka kuwa ndiye utamaduni, na aliye chini yake kuwa hana utamaduni wowote.

Tuanze na lililo letu, yaani maneno. Haki ni neno la asili ya Kiarabu. Lilitufikia pamoja na sheria, dhuluma, shahidi, wakili, kadhi na rufani. Lilipofika halikukuta nyumba tupu. Lilikuta utu, likakaa nao, na leo hakuna mtoto wa Kiswahili awezaye kudai chake bila kulitamka. Basi mtu asemaye kwamba jamii za Kiislamu hazilijui wazo la haki anatuambia kwamba tulikopa kwa mtu asiyekuwa na kitu. Najua kwamba neno peke yake halitoshi kuwa hoja. Watu waweza kuwa na neno wasiwe na tendo. Kwa hiyo tuyaache maneno, tutazame yaliyotendeka.

Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Tangazo la Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu. Nchi 48 zilikubali, hapana hata moja iliyokataa, na nchi 8 zilijizuia kupiga kura. Katika zile 48 zilikuwamo Afghanistan, Irani, Iraki, Misri, Pakistani, Siria na Uturuki. Nchi ya Kiislamu iliyojizuia ilikuwa moja tu, nayo ni Saudia. Waliojizuia pamoja nayo walikuwa Muungano wa Kisovyeti na nchi nyingine za Kikomunisti, na Afrika Kusini iliyokuwa ikijenga utawala wa ubaguzi wa rangi.

Mjumbe wa Saudia, Jamil Baroody, alipinga hasa vifungu viwili: cha 16, kinachowapa mume na mke haki sawa katika ndoa, na cha 18, kinachompa mtu uhuru wa kubadili dini yake. Alidai kwamba waandishi walikuwa wamefuata desturi za Magharibi peke yake. Hoja hiyo ndiyo tunayoisikia hadi leo. Na aliyeitoa, kwa niaba ya dola la Kiislamu, alikuwa Mkristo mzaliwa wa Lebanoni! Hatulisemi hili kwa kumcheka, maana mjumbe hutumwa. Twalisema ili ionekane kwamba hoja ile, tangu siku yake ya kwanza, ilikuwa hoja ya serikali.

Upande wa pili alisimama Muhammad Zafrullah Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistani. Huyu alikitetea kifungu cha 18 kwa kuitegemea Kurani yenyewe. Alieleza kwamba Uislamu ni dini inayowaita watu. Na anayedai haki ya kumwita mwenzake aingie katika dini yake hawezi kumnyima mtu mwingine haki ya kuitikia wito tofauti. Misri nayo ilieleza mashaka yake juu ya vifungu hivyo viwili, lakini ikapiga kura ya ndiyo. Ndiyo kusema kwamba mwaka 1948 Waislamu hawakuwa na sauti moja. Walijadiliana wao kwa wao mbele ya ulimwengu mzima, kama watu wengine wote walio hai wajadilianavyo.

Sasa tujiulize: ni nani hasa aliyekuwa akisema wakati huo kwamba haki za binadamu haziwafai watu wa utamaduni mwingine? Jibu lapaswa kutusimamisha sisi wa nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1950 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukijadili mapatano ambayo yangeyafanya yale maneno ya Paris kuwa sheria. Wenye makoloni, yaani Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji, walitaka kiwekwe kifungu cha kuwaruhusu kuamua wenyewe kama mapatano hayo yangefika makoloni au la. Mjumbe wa Ubelgiji alitoa hoja kwamba wajibu wa namna hiyo wahitaji ustaarabu wa hali ya juu, na kwamba haungepatana na fikira za watu ambao bado hawajafikia hatua hiyo. Watu hao walikuwa sisi. Wakati anasema hayo kwa upole wa kibalozi, kiboko kilikuwa bado adhabu halali katika Kongo ya Kibelgiji.

Na ni nani waliokipinga kifungu hicho mpaka kikaanguka? Miongoni mwao walikuwa wajumbe wa nchi za Kiarabu na za Asia, nyingi zikiwa za Kiislamu. Desemba 1950 Baraza Kuu liliamua kwamba mapatano yafike hata katika nchi zilizotawaliwa. Miaka iliyofuata mwanamke wa Iraki, Bedia Afnan, alikuwa mstari wa mbele kupigania kifungu cha tatu cha mapatano yale, kinachosema kwamba haki zote humo ni za wanaume na wanawake kwa usawa. Mapatano yenyewe yalipitishwa mwaka 1966, na kifungu hicho kimo hadi leo. Basi ndugu zangu, anayetuambia leo kwamba haki ni za Wazungu peke yao anadhani anasema neno la ukombozi, kumbe amevaa koti kuukuu la gavana.

Hata hivyo tusidanganyane. Waislamu wengi wanapolisikia neno haki likitoka Ulaya hushtuka, na mshtuko wao una sababu. Lord Cromer, aliyeiongoza Misri kwa niaba ya Waingereza kuanzia mwaka 1883 hadi 1907, aliandika kwa uchungu mwingi jinsi Uislamu unavyomdhalilisha mwanamke. Lakini huyo huyo alizipandisha ada za shule za Misri, akapunguza nafasi za watoto, wasichana wakiwemo. Na aliporudi kwao akawa kiongozi wa chama kilichopinga wanawake wa Uingereza kupewa kura. Mei 1958, mjini Algiers, Wafaransa waliwavua wanawake hijabu mbele ya umati, wakaita tendo hilo ukombozi, hali jeshi lao lilikuwa likiwatesa Waaljeria magerezani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Mtu aliyeyaona hayo akiwa na shaka, hatumlaumu.

Ila shaka juu ya mdomo wa msemaji isigeuke kuwa shaka juu ya neno lenyewe. Mwizi akisema kwamba wizi ni dhambi, wizi haugeuki kuwa thawabu kwa sababu ya aliyesema. Unafiki wa Cromer ulimdhuru msichana wa Misri kwa kumnyima shule. Anayemnyima shule leo ili amkomoe Cromer anaikamilisha kazi ya Cromer.

Tutazame nchi ya jirani. Sudani, ambayo kabla ya mwaka 2011 ilipakana na Uganda na Kongo, ilikuwa na mzee aliyeitwa Mahmoud Mohamed Taha. Alikuwa mhandisi, Mwislamu mcha Mungu, mtu wa ibada nyingi na maisha ya kawaida. Hakuna awezaye kumwita kibaraka wa Magharibi: mwaka 1946 Waingereza walimfunga kwa kuupinga utawala wao. Yeye alifundisha kwamba ujumbe wa kwanza wa Uislamu, ule wa Makka, ndio wenye usawa na uhuru wa watu wote, na kwamba wakati umefika wa sheria za Waislamu kujengwa juu ya msingi huo. Mtu aweza kukubali au kukataa. Wanazuoni wengi walikataa, na hiyo ilikuwa haki yao.

Septemba 1983 Rais Gaafar Nimeiri, utawala wake ukiwa umeanza kuyumba, alitangaza sheria alizoziita za Kiislamu. Mikono ilianza kukatwa, na wengi waliokatwa walikuwa maskini. Tarehe 25 Desemba 1984 Taha na wafuasi wake walitoa karatasi moja wakiomba sheria hizo zifutwe kwa kuwa zimeupotosha Uislamu na kuwadhalilisha watu, na vita vya Kusini visimamishwe kwa mazungumzo. Karatasi moja tu! Alikamatwa, akahukumiwa kufa, na mahakama ya rufani ikamwongezea kosa la kuritadi, ingawa kosa hilo halikuwamo katika kanuni ya adhabu ya mwaka 1983. Tarehe 18 Januari 1985 alinyongwa mbele ya watu katika gereza la Kober, naye amekwisha pita miaka sabini. Tangu kesi kufunguliwa hadi kamba shingoni hazikutimia wiki mbili. Kabla ya miezi mitatu kwisha, watu wa Khartoum walikuwa wamejaa barabarani na Nimeiri ameanguka. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Sudani ikaibatilisha hukumu ile, na mwaka 2020 nchi hiyo ikalifuta kosa la kuritadi katika sheria zake.

Twamwuliza yule mgeni mwenye adabu: katika habari hii, utamaduni wa Wasudani ulikuwa wapi? Ulikuwa kwa rais aliyetia sahihi, au kwa mzee aliyepanda ngazi ya kitanzi? Ulikuwa kwa jaji aliyeongeza kosa lisilokuwamo, au kwa jaji aliyebatilisha? Wote ni Wasudani, wote ni Waislamu, wote wanasoma kitabu kimoja. Kusema kwamba tuwaachie wenyewe, wakati mmoja wao ana kamba na mwingine ana karatasi, ni kumchagua mwenye kamba.

Wala Pakistani haikusalimika. Zafrullah Khan, aliyesimama Paris kuitetea dini yake kwa hoja ya uhuru, alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka 1974 katiba ya nchi yake ilibadilishwa ili jumuiya hiyo itangazwe kuwa si Waislamu. Mwaka 1984 Jenerali Zia-ul-Haq akatoa amri iliyowakataza kuziita nyumba zao za ibada misikiti na kuadhini. Mzee huyo alifariki mwaka uliofuata. Hapa hatuamui swali la nani Mwislamu na nani siye. Hilo si letu. Twasema tu kwamba kifungu cha 18 alichokitetea mwaka 1948 kilikuwa ngao, na walioitupa ngao hiyo hawakumtupia Mzungu; waliitupa wakamwacha jirani yao kifua wazi.

Yapo mapingamizi, na moja ni zito. Wako wanaosema: nchi za Kiislamu zina tangazo lao wenyewe, lile la Cairo la mwaka 1990, nalo lazisimamisha haki zote juu ya Sharia, mbona mnataka jingine? Twajibu kwa heshima. Mwislamu kuipima haki kwa Sharia ni jambo la imani yake, na hakuna wa kumzuia. Lakini Sharia kwa mujibu wa nani? Tangazo la Cairo halisemi. Hapo ndipo mtawala hupata mwanya, maana anayeyateua mahakama ndiye atakayejaza nafasi hiyo.

Mfano uko wazi mbele yetu, nao wamhusu kila mwalimu. Nchini Afghanistan, Septemba 2021, shule za sekondari zilipofunguliwa wavulana waliitwa na wasichana hawakuitwa. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwa wanawake. Mwaka 2024 UNESCO ilikadiria kwamba wasichana wasiopungua milioni 1.4 wamenyimwa elimu ya sekondari kwa makusudi tangu Taliban walipoishika nchi. Sababu iliyotolewa ni Sharia na desturi ya Waafghani. Lakini Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alitamka kwamba kuwafungia wanawake vyuo vikuu kunapingana na Sharia. Januari 2025 naibu waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyo hiyo, Sher Mohammad Abbas Stanikzai, alisema hadharani kwamba marufuku hayo hayana udhuru. Na kuhusu desturi: shule ya wasichana ilifunguliwa Kabul mwaka 1921, miaka mia moja kamili kabla ya milango kufungwa, na mwaka 1965 waziri wa afya wa Afghanistan alikuwa mwanamke, Kubra Noorzai. Tukirudi nyuma zaidi, katika karne ya kumi na moja, Karima al-Marwaziyya aliifundisha Sahihi ya Bukhari mjini Makka, na wanazuoni wanaume walisafiri kuja kukaa mbele yake. Basi desturi ni ipi? Ya Karima, ya mwaka 1921, au ya mwaka 2021?

Yatokea basi kwamba Sharia ni elimu yenye mjadala, na mjadala wahitaji watu wanaoweza kufungua vinywa bila kunyongwa. Mwislamu anayetaka kwa dhati kuijua hukumu ya dini yake ndiye wa kwanza kuhitaji uhuru wa kusema, wa kuandika na wa kwenda shule. Anayemnyima uhuru huo kwa jina la dini anaifunga mdomo dini yenyewe.

Tena ushahidi upo kwamba kazi hii yawezekana ndani ya nyumba. Moroko, mwaka 1992, vyama vya wanawake vilianza kukusanya sahihi milioni moja ili sheria ya ndoa ibadilishwe. Walipata mabadiliko madogo mwaka 1993. Tarehe 12 Machi 2000 yalifanyika maandamano mawili siku moja: Rabat waliandamana wanaotaka mageuzi, Casablanca waliandamana wanaoyapinga. Hakuna aliyehitaji kuuawa. Mwaka 2004 bunge likapitisha sheria mpya: umri wa ndoa ukawa miaka 18 kwa wote, mume na mke wakashirikiana katika kuilea familia, na mwanamke mtu mzima akaruhusiwa kujifungia ndoa mwenyewe, rai ambayo wanazuoni wa Hanafi waliishikilia kwa karne nyingi ingawa Wamoroko ni wa Maliki. Kazi haikwisha. Kifungu kinachomruhusu hakimu kuwaozesha walio chini ya umri kimetumika mno, na wanawake wa Moroko bado wanakilalamikia. Lakini wanakilalamikia kwa sauti, katika lugha yao, kwa dalili za dini yao. Huo ndio utamaduni ukiwa kazini.

Narudi kwa wenzangu wanaotaka mada hizi zifungiwe nje ya darasa ili wanafunzi Waislamu wasiudhike. Hivi tumewauliza? Au nasi tumewafanya kama gavana alivyotufanya, tukaamua kwa niaba yao kile ambacho akili zao zaweza kustahimili? Msichana Mwislamu anayeketi dawati la tatu hakuhitaji kulindwa asisikie jina la Bedia Afnan. Amenyimwa kulisikia, na hiyo ndiyo dhuluma. Mvulana aliye kando yake, ambaye nyumbani ameambiwa kwamba Waislamu wote ndivyo walivyo, naye anahitaji kulisikia jina la Mahmoud Mohamed Taha ili aache kusema hivyo.

Kwa hiyo mada hizo ziwekwe katika midahalo na insha, na ziwekwe kwa uadilifu. Anayetaja sheria za Nimeiri amtaje na Taha. Anayetaja udhalili wa mwanamke wa Misri amtaje na Cromer na ada zake. Asiwepo mwalimu wa kuwageuza wanafunzi Waislamu kuwa washtakiwa, wala wa kuwageuza kuwa wagonjwa wasioguswa. Na tunapoifundisha ile methali yetu, tuifundishe pamoja na dada yake mchungu asemaye kwamba mnyonge hana haki. Kisha tuwaulize wanafunzi, mtawala anapokataza watu kuiacha asili, ni asili ya nani anayoisema, na nani hakuulizwa.